Sauti ya mteja kwenye simu: namna mashine inavyobaini iliyoghushiwa

Soko la dagaa la Kigoma lina nyakati za uhaba ambazo kila mfanyabiashara wa Kibirizi na Katonga anazifahamu. Usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazina nguvu ya kuwavuta dagaa, vyombo hubaki ufukweni na mzigo hupungua. Aidha, mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Mzigo unapoadimika hivyo, mwenye akiba ghalani hutafutwa kwa simu kutoka kila upande: Kalemie, Uvira, Bujumbura, Tabora, Dar es Salaam.

Na oda yenyewe hutolewa kwa mdomo. Mteja hupiga simu au hutuma ujumbe wa sauti wa WhatsApp: nifungie magunia thelathini, yapakie, pesa inafuata. Mwenye mzigo akiisikia sauti aliyoizoea kwa miaka, hufunga. Hakuna hati wala saini. Dhamana ni sauti.

Somo la wiki hii linahusu dhamana hiyo, kwa sababu imeanza kushuka thamani kama noti iliyopata wachapaji wengi. Tutaeleza jinsi sauti inavyoghushiwa, jinsi mashine inavyofundishwa kuibaini, na hesabu ambayo mfanyabiashara apaswa kuipiga kabla ya kutoa fedha yake kununua mashine hiyo.

KUGHUSHI KUMEKUWA RAHISI

Wasomaji wote wanaufahamu ule ujumbe wa maandishi wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Aliyeutuma hakujua hata jina lako. Alitupa ndoana nyingi akisubiri mmoja ameze. Utapeli wa sauti hauendi hivyo. Huo humlenga mtu mmoja, na huja na sauti ya mtu unayemjua.

Mwezi Januari 2023 kampuni ya Microsoft ilitangaza programu ya majaribio iitwayo VALL-E, ambayo ilihitaji sampuli ya sekunde tatu tu za sauti ya mtu ili isome maandishi mengine kwa sauti inayofanana na yake. Sekunde tatu ni salamu moja ya Kigoma, tena isiyokamilika. Kwa upande wa Kiswahili, kampuni hiyo hiyo tayari ina sauti za kompyuta zinazosoma maandishi ya lugha yetu: mbili za Tanzania, zilizopewa majina ya Rehema na Daudi, na mbili za Kenya, Zuri na Rafiki. Sauti hizo zinauzwa kwa kazi halali, na hatuna ugomvi nazo. Tunazitaja ili msomaji asidhani kwamba Kiswahili kimebaki nje ya jambo hili.

Hasara zake nazo zimekwisha kuonekana. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba mkuu wa kampuni moja ya nishati nchini Uingereza alipigiwa simu na mtu aliyesema kwa sauti na lafudhi ya bosi wake wa Ujerumani, akiamriwa kulipa haraka fedha kwa muuzaji aliyeko Hungary. Alilipa Euro 220,000. Mwezi Januari 2024, huko New Hampshire, Marekani, wapiga kura walipigiwa simu zenye sauti bandia ya Rais Biden ikiwataka wasijitokeze katika uchaguzi wa awali. Mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo baadaye ilimtoza aliyehusika faini ya Dola milioni 6. Ukiangalia kisa cha Uingereza utaona ni oda ya simu kama zile za Kibirizi: sauti inayojulikana, haraka, na akaunti mpya.

MASHINE MBILI ZISICHANGANYWE

Kuna mashine inayouliza "sauti hii ni ya nani?" na nyingine inayouliza "sauti hii imetoka kooni au kwenye kompyuta?". Ya kwanza imekwisha kufika Afrika Mashariki. Kampuni ya Safaricom ya Kenya ilianzisha mwaka 2018 huduma ya Jitambulishe, ambayo humtambua mteja kwa sauti yake. Lakini nakala nzuri ya sauti ya mtu imetengenezwa makusudi ifanane naye, kwa hiyo inaweza kuipita mashine ya kwanza bila taabu. Hapo ndipo ya pili inapohitajika.

Watafiti walianza kushindanisha mashine za aina hii ya pili mwaka 2015 katika mashindano yaitwayo ASVspoof, ambayo yamerudiwa mwaka 2017, 2019, 2021 na 2024. Karibu kila tangazo la kibiashara utakaloliona juu ya kubaini sauti bandia lina nasaba na mashindano hayo, ndiyo maana tunayataja kwa jina.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu. Simu ya kawaida hupima wimbi la sauti mara 8,000 kwa sekunde. Tarakimu hizo hukatwa vipande vidogo sana, kila kimoja kama sehemu ya arobaini au ya hamsini ya sekunde, na kwa kila kipande hupimwa ni kiasi gani cha sauti nene na kiasi gani cha sauti nyembamba kilichomo. Vipande vikipangwa kwa mfuatano hupatikana kitu kama picha, inayoonyesha pumzi, viimbo na viungo baina ya sauti moja na nyingine.

Kisha mashine huonyeshwa maelfu ya picha za namna hiyo, kila moja ikiwa na lebo: hii ya kweli, hii bandia. Ikikosea, mizani yake ya ndani hurekebishwa kidogo. Ikikosea tena, hurekebishwa tena. Hakuna anayeiambia itafute nini. Mara nyingi inachokikamata ni alama zinazoachwa na kile kiungo cha programu ambacho hugeuza tarakimu kuwa wimbi la sauti, kiitwacho vokoda. Alama hizo sikio la binadamu hupitwa nazo. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2023 na watafiti wa Chuo Kikuu cha London, UCL, watu 529 walisikilizishwa sauti za Kiingereza na Kichina, na walizitambua zile bandia kwa asilimia 73 tu. Anayejigamba kwamba yeye hadanganywi na sauti, basi na akumbuke tarakimu hiyo.

Mwishoni mashine haitoi hukumu ya ndiyo au hapana. Hutoa alama, mithili ya alama za mtihani, na mwenye mashine ndiye anayeamua kizingiti: chini ya alama fulani kengele ilie. Tutarudi kwenye kizingiti hicho kwa sababu ndipo fedha ilipo.

MKAGUZI ALIYEANGALIA GUNIA

Tuseme umeajiri kijana wa kukagua dagaa. Humfundishi kwa maneno. Unamwonyesha magunia mia mazuri na mia mabovu, unamwacha ajifunze mwenyewe. Bahati mbaya mabovu yote uliyomwonyesha yalikuwa kwenye viroba vya bluu. Siku ya mtihani, kwa viroba vile vile, kijana anapata mia kwa mia. Akienda mwalo mwingine ambako viroba vya bluu vina dagaa safi, atakutia hasara, na hatajua kosa lake kwa sababu hakuwahi kuangalia dagaa. Aliangalia gunia.

Jambo hilo hilo limetokea kwa mashine za sauti. Mwaka 2021 watafiti walichunguza rekodi za mashindano ya mwaka 2019 na kugundua kwamba ukimya ulio kwenye rekodi, kabla na baada ya maneno, haukuwa na urefu sawa kwa sauti za kweli na zile bandia. Mashine iliyopewa urefu wa ukimya peke yake, bila kusikiliza neno hata moja, iliweza kutenganisha za kweli na za uongo kwa usahihi wa hadi asilimia 85. Ndiyo kusema baadhi ya mashine zilizosifiwa huenda zilikuwa zikipima kimya. Mwaka uliofuata baadhi ya watafiti hao hao walikusanya rekodi za wanasiasa na watu mashuhuri, za kweli na za kughushi, zilizokuwa zikizagaa kwenye mtandao, wakazijaribu mashine zilizokuwa zimefuzu katika maabara. Makosa yaliongezeka, mengine kwa kiasi cha hadi asilimia 1,000.

Kwa mfanyabiashara wa ukanda wa ziwa kuna viroba viwili vya bluu vya kuangaliwa. Cha kwanza ni simu yenyewe.

Wengi wetu tunadhani simu hubeba sauti kama bomba libebavyo maji. Sivyo. Simu ya mkononi hukata sauti yako vipande vya sehemu ya hamsini ya sekunde, hutuma maelezo mafupi ya kila kipande, na simu ya upande wa pili huijenga sauti upya kutokana na maelezo hayo. Kwa maneno mengine, sauti ya mama yako kwenye simu nayo imetengenezwa na mashine! Juu ya hayo, simu ya kawaida hupitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400, na sauti nyembamba zaidi, kama sehemu kubwa ya mvumo wa "s" na "f", hukatwa. Baadhi ya alama za vokoda huwa huko huko juu, kwa hiyo hukatwa pamoja nazo. Mashine iliyofundishwa kwa rekodi safi za studio, ukiipelekea simu ya kutoka Kalemie yenye mtandao wa kukatikakatika na injini ya boti nyuma yake, inaweza kumwita mteja wako wa kweli bandia, na bandia ikampitisha.

Waandaaji wa ASVspoof waliliona tatizo hilo. Katika mashindano ya mwaka 2021 walipitisha sauti kwenye mitandao halisi ya simu kabla ya kuwapa washindani. Mshindi alipata kiwango cha makosa cha asilimia 1.32. Lakini katika kundi jingine la mashindano hayo hayo, la sauti zilizobanwa kama zibanwavyo zile zinazosambazwa mtandaoni, mshindi alikosea asilimia 15.64. Mwaka 2022 watafiti walitumia mashine iliyokuwa imesikilizishwa kwanza maelfu na maelfu ya saa za lugha nyingi, ndipo ikafundishwa kubaini sauti bandia; kwenye kundi hilo gumu makosa yakashuka hadi asilimia 2.85. Maendeleo yapo, na ni makubwa. Ila ni maendeleo ya kwenye rekodi zilizojulikana.

Kiroba cha pili ni lugha. Mashindano yote matano yalitumia sauti za Kiingereza. Katika soko la Kibirizi utasikia Kiswahili cha Kigoma kilichochanganyika na Kiha, Kiswahili cha Kongo, na Kirundi kidogo. Mashine ambayo haijawahi kusikia namna hiyo ya kusema inaweza kuiona ni ngeni, na ugeni ikauhesabu kuwa ni ughushi. Juhudi za kukusanya sauti za Kiswahili zipo: mwaka 2021 shirika la Mozilla lilipata Dola milioni 3.4 kwa mradi wa Common Voice, ili watu wa Kenya, Tanzania na Kongo wajitolee sauti zao zitumike na watengenezaji wa programu. Ghala la namna hiyo liko wazi kwa wote, na anayetaka kufundisha kompyuta kusema Kiswahili hufaidika nalo sawasawa na anayetaka kuifundisha kumtambua msemaji bandia.

HESABU YA MAGUNIA

Sasa turudi kwenye kizingiti. Ukikiweka juu, kengele italia mara nyingi: utawakamata matapeli wengi, lakini pia wateja wengi wa kweli. Ukikishusha, wateja watapita salama na baadhi ya matapeli pamoja nao. Mahali ambapo makosa ya aina zote mbili yanalingana ndipo watafiti wanapochukua kile "kiwango cha makosa" tulichokitaja. Mashine ya asilimia 5 maana yake, kizingiti kikiwekwa hapo, katika kila sauti bandia mia tano zitapita, na katika kila sauti za kweli mia tano zitashikwa bure.

Asilimia 5 inasikika kuwa ndogo. Chukua mfano wa wakala anayepokea oda 1,000 za simu kwa msimu, na tuseme kati ya hizo moja tu ni ya tapeli, yenye mzigo wa sh. 6,000,000/-. Ile moja ina uwezekano wa asilimia 95 kukamatwa. Vizuri. Lakini katika zile 999 za kweli, asilimia 5 ni 50. Kengele italia mara 51, na mara 50 itakuwa imemsingizia mtu.

Je, wakala afanye nini kengele ikilia? Hapa ndipo faida na hasara zinapoachana. Akiwa na amri ya kukataa kila oda iliyopigiwa kengele, na tuseme kila oda ya kweli ingempa faida ya sh. 200,000/-, atakuwa amepoteza sh. 10,000,000/- ili kuokoa sh. 6,000,000/-. Bado hujahesabu wateja waliokwenda kwa jirani kwa hasira ya kuitwa wezi. Akiwa na amri nyingine, ya kukata simu na kumpigia mteja kwenye namba yake ya zamani iliyoko daftarini, kila kengele itamgharimu, tuseme, sh. 500/- za muda wa maongezi. Kengele 51 ni sh. 25,500/-.

Mashine ni ile ile, makosa ni yale yale. Kilichobadilika ni kinachofanyika baada ya kengele.

Msomaji mwepesi wa hesabu atauliza kwa nini basi asiwapigie wote 1,000. Gharama ni sh. 500,000/-, ambayo bado ni chini ya mzigo mmoja uliopotea. Jawabu ni kwamba kwa wafanyabiashara wengi wadogo wa Kigoma na Ujiji hilo ndilo lenye nafuu, tena si lazima wapigiwe wote. Wapigiwe wale ambao oda yao ina mojawapo ya mambo haya: namba ya simu au ya malipo imebadilika, mzigo ni mkubwa kuliko kawaida yao, au wanahimiza mno. Na upige wewe. Usikubali kuunganishwa na aliye hewani. Wateja wa ng'ambo ya ziwa wenye laini za nchi mbili au tatu hubadili namba mara kwa mara bila ubaya wowote, kwa hiyo waambiwe mapema kuwa huo ndio utaratibu wa duka, wasije wakaona wanadharauliwa.

Karani wa duka naye asiachwe. Sauti inayofaa zaidi kughushiwa pengine ni ya tajiri mwenyewe akimwambia karani atoe mzigo au atume fedha ya mauzo, kwa sababu karani huogopa kumbishia. Apewe ruhusa, ikiwezekana kwa maandishi, ya kukata simu ya bosi na kumpigia upya.

KWA WANAOTAKA KUNUNUA AU KUWEKEZA

Mashine hizi zina kazi yake kwenye benki na makampuni ya simu yanayopokea simu nyingi mno kwa siku. Mwenye hisa za Vodacom Tanzania, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017, au hisa za benki, ana haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu kampuni yake inajikinga vipi. Ila akiletewa tangazo la "usahihi wa asilimia 99" aulize: kwa sauti za lugha gani? Zilizopita kwenye simu au za studio? Zilizotengenezwa na programu zipi? Swali la mwisho ndilo zito. Kampuni ya ElevenLabs, inayotengeneza sauti bandia, ilitoa mwezi Juni 2023 chombo cha kubaini sauti, lakini kilikusudiwa kutambua zile zilizotoka katika mitambo yake yenyewe. Fundi anayeitambua kazi ya mkono wake anastahili sifa, lakini hajakuambia lolote juu ya mafundi wengine. Katika ASVspoof ya mwaka 2019 mtihani ulikuwa na mbinu 11 za kughushi ambazo mashine hazikuonyeshwa wakati wa kufundishwa, na muuzaji asiyeweza kueleza kama mashine yake imepewa mtihani wa aina hiyo hajafika kwenye bei.

IKISHATOKEA

Namba iliyotumika kutapeli hutolewa taarifa kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kupitia 15040. Kughushi kwa kompyuta na kujifanya mtu mwingine ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo polisi nao waarifiwe. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp usifutwe, na usirekodiwe upya kwa kuuchezesha mbele ya simu nyingine ili kumsikilizisha ndugu au kuupeleka kituoni. Spika na maikrofoni hufunika zile alama ndogo za vokoda tulizozieleza, na mtaalamu atakayepewa rekodi ya namna hiyo atakuwa amekabidhiwa gunia bila dagaa. Peleka simu yenyewe, ujumbe ukiwa pale pale ulipoingia, pamoja na namba iliyoutuma, tarehe na saa.